Bodi ya AD8232: nzuri kwa maabara ya Mwanza, si ya kupimia mgonjwa

Maabara ya chuo inayotaka kufundisha utambuzi wa ruwaza (mifumo inayojirudia kwenye data) kwa mawimbi halisi ya moyo inunue AD8232, bodi ndogo ya kusoma umeme wa moyo (ECG), kabla ya kitu kingine chochote. Chipu yake imetengenezwa na Analog Devices. Mzunguko wa bodi hukuza umeme wa moyo mara 1,100 na kupitisha masafa ya hertz 0.5 hadi 40 tu. Kuiunga na Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kufundishia, ni rahisi: OUTPUT kwenye A0, LO+ kwenye 10, LO− kwenye 11 (hizi mbili hutoa ishara waya ukitoka mwilini), na umeme uchukuliwe pini ya volti 3.3. Volti 5 inazidi uwezo wa chipu.

Thamani yake kubwa ni kwamba mwanafunzi anaweza kurudia kwa mikono yake kazi ya kutambua mapigo ya moyo kwa programu, iliyochapishwa mwaka 1985 na Jiapu Pan na Willis Tompkins wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Programu yao iliendeshwa kwenye Z80, prosesa ya biti 8 kama ile ya Uno. Wimbi linachujwa libaki hertz 5 hadi 15, unatafutwa mteremko wake, kila thamani inazidishwa kwa yenyewe, kisha unachukuliwa wastani wa dirisha la milisekunde 150, yaani sampuli (vipimo) 30 kwa kasi ya sampuli 200 kwa sekunde. Kizingiti, yaani kiwango ambacho wimbi likikivuka huhesabiwa pigo, kinajirekebisha chenyewe, na baada ya pigo moja hakuna jingine linalokubaliwa ndani ya milisekunde 200. Kwenye MIT-BIH, mkusanyiko wa rekodi za ECG za kujaribia programu, ilitambua sawasawa asilimia 99.3 ya mapigo.

Hapa ndipo wengi hukwama, kisha lawama hubebeshwa bodi bure. Programu ya mfano inayosambazwa nayo hutuma data kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kasi hiyo hubeba baiti 960 kwa sekunde, na kila namba ya tarakimu tatu, pamoja na alama mbili za kumaliza mstari, hula baiti 5, kwa hiyo hupati hata sampuli 200 kwa sekunde, na zinazofika hazina mwendo sawa. Vichujio vya 1985 vilipigiwa hesabu ya sampuli 200 kamili. Weka 115200, na usome A0 kila mikrosekunde 5,000 kwa kutumia micros(), saa ya ndani ya Arduino.

Jambo la pili halitajwi sana. Kichujio kile kilibuniwa Marekani, ambako umeme wa ukutani ni hertz 60, na kelele hiyo kinaipunguza hadi sehemu moja ya 68. Umeme wetu ni hertz 50, na hapo kinapunguza hadi sehemu moja ya 18 tu. Dawa yake ni nyepesi: kwa sampuli 200, wimbi moja la hertz 50 lina sampuli 4, basi chukua wastani wa sampuli 4 zinazofuatana na kelele yote ya 50 itafutika.

Pia, kwenye Uno tumia long (namba ya biti 32) unapozidisha. Kwa int (biti 16), namba yoyote inayozidi 181 ikizidishwa kwa yenyewe humwagika na kutoa jibu la uongo, mara nyingine hasi.

Joto na unyevu wa ziwani vina usumbufu wao. Ngozi yenye jasho hulegeza elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme wa moyo) na mstari mzima hupanda na kushuka. Futa kwa spiriti, acha ikauke, ndipo ubandike. Pakiti ya elektrodi ikishafunguliwa ifungwe vizuri, maana jeli ikikauka LO+ na LO− zitakuambia waya umetoka hali umebandikwa. Laptopu itumie betri, ichomolewe kwenye chaji wakati wote mtu amebandikwa waya: hilo ni la usalama kwanza, na kelele pia hupungua.

Udhaifu usiotibika ni masafa. Kipimo cha ECG cha hospitali huanzia hertz 0.05 na kufika 150. Ukikata chini kwa 0.5, umbo la sehemu ya ST, kipande cha wimbi ambacho daktari hukitazama kutafuta dalili za shambulio la moyo, hupotoka. Mwenye maumivu ya kifua aende hospitali ya Bugando, asibandikwe bodi hii.

Kabla ya kumfunga mtu yeyote waya, ijaribu programu kwa MIT-BIH, rekodi 48 za nusu saa zilizokusanywa Boston kati ya 1975 na 1979, ambazo tovuti ya PhysioNet huzitoa bure. Zina sampuli 360 kwa sekunde, hivyo zibadilishe ziwe 200 kwanza. Rekodi ya 100 ina mapigo 2,273. Programu ikitoa namba nyingine, rudi kwenye msimbo. Ikishapita, jaribu 108, iliyowapa Pan na Tompkins makosa mengi kuliko zote.