Proxmox VE 9 juu ya storeji ya iSCSI: snapshoti zimekuja, ila zinakula nafasi

Kwa miaka mingi Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe kwenye seva, ilikuwa na doa moja kwa wenye storeji ya LUN (diski ambayo storeji huzipa seva kupitia mtandao). Ukiunganisha klasta (kundi la seva) kwa iSCSI au Fibre Channel, njia za kufikia LUN, na kuweka LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) juu yake, mashine pepe zinahama seva hadi seva bila tabu, lakini snapshoti (picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia) hupati. LVM-thin (aina ya LVM inayotenga nafasi kadiri data inavyoandikwa) inazo, ila haifai kushirikiwa na seva mbili. Anayelazimisha anaharibu metadata na kupoteza diski zote zilizomo. Toleo la 9.0 la Agosti 2025 limefungua mlango.

Unapoongeza hifadhi ya LVM, washa chaguo la snapshot-as-volume-chain (kwenye storage.cfg thamani yake ni 1). Kuanzia hapo unaweza kuunda diski za qcow2 (muundo wa diski pepe unaokubali snapshoti) ndani ya LV (kipande cha diski kilichokatwa na LVM), na kila snapshoti inakuwa LV yake inayoegemea iliyotangulia. Diski za zamani za raw (muundo mtupu usio na snapshoti) hazibadiliki zenyewe: zihamishe kwa Move Storage na uchague qcow2.

Hesabu sasa. LVM hii hutenga nafasi yote papo hapo, hivyo mashine ya GB 200 yenye snapshoti mbili inashika takriban GB 600, hata kama ndani mna GB 40 tu. Kufuta snapshoti kunaunganisha data upya, na kwenye diski kubwa mzigo wa I/O (kusoma na kuandika) unasikika, subiri usiku. Proxmox wenyewe waliitoa kama teknolojia ya majaribio, kwa hiyo backup ibaki palepale. Wenye Windows 11 waruke moja kwa moja hadi 9.1: kwenye 9.0 diski ya TPM (chipu pepe ya usalama inayodaiwa na Windows 11) ilizuia snapshoti, kwa kuwa ilikuwa lazima iwe raw.

Kinachokera zaidi ni multipath, yaani kuifikia LUN moja kwa njia mbili za kebo ili moja ikikatika nyingine iendelee. Dirisha la kivinjari halikusaidii hata kidogo. Kazi yote ni ya mkono. Kila seva isakinishwe multipath-tools, WWID (namba ya utambulisho) ya LUN iongezwe kwa multipath -a, kisha multipath -r. Usiguse pvcreate (amri ya kuikabidhi diski kwa LVM iwe PV) mpaka multipath -ll ionyeshe njia zote mbili, na uielekeze kwenye /dev/mapper/mpatha, kamwe si /dev/sdb. Ukiteleza hapo, LVM inaona PV ileile mara mbili na kushika njia moja. Kebo hiyo ikichomoka, mashine zinaganda wakati ya pili iko nzima.

Kukuza LUN ni rahisi ukifuata mpangilio: ongeza kwenye storeji, iscsiadm -m session --rescan na multipathd resize map mpatha kwa kila seva, halafu pvresize (amri ya kuikuza PV) kwa seva moja tu.

Tena, ukifuta diski ya mashine, storeji ya thin huenda isijue: lvremove (amri ya kufuta LV) isipotuma discard (taarifa kwamba nafasi imeachwa), storeji inaendelea kudai imejaa. Hakikisha issue_discards = 1 ipo kwenye lvm.conf, na Discard kwenye diski za mashine zenyewe.

Storeji yako ikitoa NFS (kushiriki faili kwa mtandao) pia, qcow2 juu yake ina snapshoti tangu zamani na faili hukua kadiri ya data, ingawa kufuta snapshoti ya ndani kunaweza kuigandisha mashine kwa muda.