Huduma ya usuluhishi: inachokupa, isichoweza kukupa, na inapokwama

Ugomvi ukishafika hatua ya watu kutumiana salamu kupitia mtu wa tatu, wengi huanza kumtafuta msuluhishi. Hapa tunaitathmini huduma hiyo kama inavyotolewa na wasuluhishi waliofunzwa, iwe ana kwa ana au kwa video. Tunaipa alama za juu kwa mazungumzo ya faragha na kila upande, kitu ambacho wateja wengi hata hawakitarajii. Alama za chini zinaangukia msamaha, ambao wengi ndio wanaoufuata. Msamaha hautolewi na msuluhishi, na akijaribu kuulazimisha huwa ameshaiharibu kazi yake.

Kabla ya kulipa, hakikisha unajua unachonunua. Msuluhishi hana mamlaka ya kuamua nani ana haki. Anaongoza mazungumzo, na wenye ugomvi ndio wanaokubaliana au kukataa. Mwamuzi husikiliza ushahidi kisha hutoa uamuzi unaowafunga wote wawili. Wengi wanaotoka kwenye usuluhishi wakilalamika kwamba "hakusema nani mkosaji" walihitaji mwamuzi tangu mwanzo, na huduma waliyopewa haikuwa mbovu.

Ubora wa msuluhishi huonekana kabla ya kikao cha pamoja. Anayejua kazi hukutana kwanza na kila upande peke yake, kwa dakika 45 hadi saa nzima. Anauliza kilichotokea, unachotaka na sababu ya kukitaka, na utakachofanya msipoelewana. Anauliza pia ni nani mwingine lazima aridhie. Swali hili la mwisho linarukwa sana, na hasara yake ni kubwa: watu hukaa kutwa nzima, wanafikia mwafaka, halafu jioni mwenzi wa ndoa, ndugu au bosi anasema hautambui. Mwenye kauli ya mwisho awepo chumbani, au apatikane kwa simu muda wote wa kikao, au ampe mwakilishi wake mamlaka kwa maandishi, pamoja na kiwango cha fedha asichoruhusiwa kuvuka. Katika mkutano huohuo wa faragha ndipo msuluhishi anapopima kama kuna vitisho au kipigo. Akikuita moja kwa moja kwenye kikao cha pamoja bila hatua hii, tafuta mwingine.

Kikao chenyewe huchukua saa 3 hadi siku nzima. Kila upande huzungumza kwanza bila kukatizwa, dakika 5 hadi 10 zinatosha, kisha msuluhishi huandika ajenda. Tazama kalamu yake hapo. Mmoja akisema "tuzungumzie jinsi kaka alivyokula hela za duka," msuluhishi mzuri ataandika "kumbukumbu za mauzo na matumizi ya duka." Wote wawili wanaweza kukaa mbele ya mstari huo. Akiandika tuhuma kama ilivyotamkwa, kaka atatumia saa nzima kujitetea na hesabu hazitafunguliwa.

Baada ya ajenda huja kazi ya kutenganisha msimamo na haja iliyo nyuma yake. Chukua jirani anayetaka karakana ifungwe saa 12 jioni, na fundi anayesema hafungi kwa sababu wateja wake huja wakitoka kazini. Ukibaki hapo, mmoja lazima ashindwe. Ukiuliza kwa nini, unakuta kinachomsumbua jirani ni mashine ya kusaga chuma wakati mtoto analala, na fundi jioni anachohitaji zaidi ni kupokea wateja na kukabidhi kazi. Mashine inazimwa saa 12, mlango unabaki wazi mpaka saa 2 usiku. Si kila ugomvi una mwanya wa namna hii, hasa ule wa fedha tupu, lakini ni mingi kuliko wagomvi wanavyoamini.

Sasa tufike kwenye vikao vya faragha vya katikati, ambavyo kwetu vinatosha kuhalalisha malipo. Kila upande uko chumba chake, msuluhishi anapita kati yao. Humo mtu husema asiyoweza kuyasema mbele ya mwenzake: kwamba risiti moja haionekani, kwamba amechoka, kwamba angepokea nusu. Msuluhishi humuuliza maswali magumu bila kumwaibisha: kesi itakugharimu kiasi gani? Itachukua muda gani? Ukishinda, mdaiwa ana cha kulipa? Kanuni ni kwamba yaliyosemwa humo hayatoki bila ruhusa ya aliyeyasema. Mwambie waziwazi kipi akifikishe na kipi abaki nacho, naye akurudishie kwa maneno yake kabla hajatoka. Kasoro ya kawaida ni muda: upande mmoja unakaa na msuluhishi dakika 70, mwingine unasubiri ukijijengea hofu kwamba njama inapangwa. Mzuri hutaja atarudi lini na huacha swali la kufanyia kazi. Kasoro nyingine ni kuwatenga siku nzima. Kwa deni kati ya kampuni mbili hilo halina ubaya, ila kwa watu watakaoendelea kuishi au kufanya kazi pamoja, wataondoka na karatasi iliyosainiwa bila kuwa wamesemezana.

Pande zikikwama, uliza kama msuluhishi anatumia rasimu moja. Badala ya kila upande kuleta pendekezo lake na kulipigania, yeye huandika rasimu, huwapa wote waikosoe, huirekebisha, huirudisha tena. Hakuna anayeombwa kukubali chochote mpaka rasimu ikomae. Ndivyo Wamarekani walivyofanya mwaka 1978 walipozisuluhisha Misri na Israel huko Camp David, makazi ya mapumziko ya rais wa Marekani: siku 13, rasimu 23. Kwenye mgogoro wa familia au wa washirika wa biashara, rasimu chache mara nyingi hutosha.

Kuhusu msamaha, tunawasihi wateja wasiuchanganye na mapatano. Unaweza kusamehe na bado ukadai ulipwe. Unaweza kupatana bila kusamehe. Na unaweza kusamehe kwa dhati lakini usimrudishie mtu funguo za ghala, kwa maana imani hujengwa upya kwa matendo na kwa muda. Wanasaikolojia wanaouchunguza msamaha hutofautisha uamuzi wa kutolipiza kisasi na kupoa kwa hasira yenyewe. Uamuzi unaweza kufanyika kwenye kikao. Kupoa kwa moyo hakupangiwi saa, na msuluhishi anayesema "haya, peaneni mikono tumalize" anamfanya aliyeumizwa aonekane mkaidi kwa kosa la mwingine.

Anachoweza kukifanya msuluhishi ni kuandaa ombi la radhi, nalo linahitaji maandalizi kama hesabu zinavyohitaji. Akae na anayeomba radhi faragha, wahakikishe limebeba mambo manne: tendo lenyewe kwa jina lake, madhara yake kwa aliyeumizwa, kukubali kwamba ni kosa lake bila "lakini," na hatua ya kurekebisha. "Kama nilikukosea, nisamehe" huchochea moto, kwa sababu linaweka shaka juu ya kosa na kumtupia mzigo msikilizaji. "Nilichukua fedha za chama bila kuwaambia, mkashindwa kulipa ada kwa wakati, nitazirudisha kwa awamu tatu" linasikika. Kisha aliyeombwa aachwe anyamaze akitaka. Kama kuna kesi mahakamani, wakili alione ombi hilo kwanza, kwani ulinzi wa maneno ya usuluhishi hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Hati ya makubaliano ndiyo bidhaa utakayoondoka nayo, na hapo huduma nyingi huporomoka kwa sababu ya uchovu wa mwisho wa siku. "Atalipa deni polepole" ni sentensi isiyotekelezeka. Andikeni nani analipa, kiasi gani, tarehe ipi ya kila mwezi, kwa njia gani, risiti inatolewaje, na awamu moja ikikosekana kinafuata nini. Ikiwezekana isomwe kwa sauti, mlale nayo usiku mmoja, ndipo msaini. Muulize pia msuluhishi kama inaweza kusajiliwa mahakamani ipate nguvu ya amri. Kwa migogoro ya kibiashara ya kimataifa upo Mkataba wa Singapore kuhusu usuluhishi, ulioanza kutumika tarehe 12 Septemba 2020, ila haugusi mambo ya familia, mirathi wala ajira.

Gharama kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu. Upande mmoja ukilipa zote si dhambi, lakini lisemwe mbele ya wote kabla ya kuanza. Ulizeni pia kama saa za maandalizi na za kuandika hati zinatozwa, na ada ya kuahirisha ni ipi.

Huduma hii hatuipendekezi kabisa pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake. Mtu anayepigwa nyumbani anahitaji ulinzi kwanza, na kumketisha mezani na anayempiga ni kumwongezea hatari. Wala haifai unapohitaji zuio la haraka, kwa mfano mali inahamishwa wiki hii. Na usidhani kwamba muda wa kufungua kesi umesimama kwa sababu tu mko kwenye usuluhishi. Muulize wakili tarehe ya mwisho na uiandike kabla ya kikao cha kwanza.

Mwisho, hakikisheni bei inajumuisha kikao cha ufuatiliaji, siku 30 hadi 60 baada ya kusaini. Mara nyingi mambo hukwama kwa vitu vidogo: mshahara umechelewa, funguo hazijakabidhiwa, ndugu ameropoka. Tarehe ya kikao hicho iandikwe ndani ya hati yenyewe, pamoja na jina la atakayepiga simu kwanza awamu ikikosekana.