Ekstensheni ya kununua Uganda: kuanzia ya kuaminika hadi ya kuachwa dukani

Vyumba vingi vya kupanga Kampala, Jinja na Arua vina soketi moja tu ukutani, na hiyo moja inagombaniwa na televisheni, friji, pasi, birika na chaja za simu. Kwa hiyo ekstensheni tunaihitaji. Tatizo ni kwamba tukifika madukani Kikuubo, Kampala, tunahesabu matundu: manne, sita, kumi. Matundu hayabebi umeme. Unaobeba ni waya, na waya ndio nilioutumia kupanga nafasi hizi.

Hesabu kwanza. Umeme wetu ni volti 240, na plagi ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Ekstensheni iwe na matundu mangapi, haivuki hapo. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,200 zikiwaka pamoja, umeshapita kiwango. Wala usiseme fyuzi itakuokoa: ikizidiwa kidogo huweza kuvumilia nusu saa na zaidi kabla ya kukatika, na muda wote huo waya unazidi kupata moto chini ya zulia.

Nafasi ya kwanza naipa ekstensheni ya kuungiwa na fundi. Nunua waya laini wa nyaya tatu, wa milimita mraba 1.5, unaouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya umeme. Mita mbili au tatu zinatosha. Ongeza kibao cha soketi na plagi yenye fyuzi, kisha umpe fundi mwenye kibali cha mamlaka ya umeme, ERA. Uzuri wake ni kwamba unaukagua waya kabla haujafichwa: kahawia ni moto (unaoleta umeme), bluu ni nyutro (unaourudisha), kijani chenye mstari wa njano ni ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja). Mwambie muuzaji achune ncha, ukwaruze uzi mmoja kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapata moto upesi na kukatika upesi. Chukua na sumaku ndogo pia: miguu ya plagi nzuri ni ya shaba ya njano, haivutwi.

Ya pili ni ya kiwandani yenye alama ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), fyuzi ndani ya plagi, na swichi kwa kila tundu. Usisome boksi, soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe. Ukikuta 3 x 1.25 au 3 x 1.5, yaani nyaya tatu na unene wa kila mmoja kwa milimita mraba, lipa. Ukikuta 0.75, waya huo ni wa ampea 6, yaani wati 1,440: televisheni, redio, feni na chaja, basi. Ukiwa nao tayari nyumbani, toa fyuzi ya 13 uweke ya 5, ili fyuzi ikatike kabla ya waya kuungua.

Zenye kinga ya umeme unaoruka nimeziweka ya tatu, ingawa bei yake ni ya juu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinga hiyo husaidia televisheni na kompyuta, lakini haiongezi unene wa waya. Radi za ukanda wa Ziwa Viktoria nazo zinataka jambo moja: chomoa. Friji inunulie kilinzi chake, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, ukichomeke moja kwa moja ukutani.

Ekstensheni ya kukunjwa kwenye gurudumu ni ya harusi, matanga na kazi za ujenzi. Ikunjue yote kabla ya kuiwasha, kwa sababu waya uliojikunja haupumui na joto lake hubaki ndani.

Ya mwisho, ambayo nakuomba kabisa usiinunue, ni ile nyepesi yenye matundu yanayopokea plagi za kila nchi, waya wake ukiwa na nyaya mbili tu. Haina ethi. Pasi ikivujisha umeme kwenye chuma, anayepigwa ni aliyeishika. Nyingi hazina vifuniko vya ndani, kwa hiyo mtoto anaweza kuingiza msumari hadi kwenye umeme. Na ile desturi ya kufungua tundu la juu kwa kijiti ili plagi ya miguu miwili iingie, iache; adapta nzuri yenye fyuzi ipo.

Mwenye nyumba akikubali fundi aongeze soketi ya pili, hiyo inazishinda zote. Birika, pasi, friji na jiko la koili mahali pake ni ukutani, na ekstensheni haichomekwi juu ya ekstensheni nyingine.

Ukishanunua, washa vifaa vyako vya kawaida nusu saa, kisha zima na ushike plagi na waya. Uvuguvugu si neno. Ikiwa ya moto hadi unatoa mkono, au inanuka plastiki, irudishe dukani siku hiyohiyo.