Semina ya unasihi kwa walimu wa sekondari, Nyegezi: siku ya pili ndiyo inayostahili ada

Mwishoni mwa Februari nilihudhuria semina ya siku mbili ya walimu wa sekondari wa wilaya za Nyamagana na Ilemela, Mwanza, katika ukumbi mmoja wa Nyegezi, kuhusu namna ya kumsaidia darasani mwanafunzi aliyeelemewa na hofu, huzuni au hasira. Ada ilikuwa shilingi 45,000, chai na chakula cha mchana vikiwemo, nami nililipa mwenyewe kwa kuwa shule haikuwa na fungu. Waandaaji sitawataja, kwa sababu nina la kulalamika juu yao. Lakini mwalimu anayefikiria kujiandikisha kwenye semina ya aina hii atafaidika akijua cha kutafuta.

Siku ya kwanza ilipotea nusu nzima. Tulioneshwa kwenye projekta slaidi baada ya slaidi, nyingine zikiwa na picha za madarasa yenye wanafunzi 20, zulia, na kona ya mito laini ya kumtulizia mtoto. Mimi nafundisha kidato cha pili chenye wanafunzi 74 katika chumba kimoja, na kona pekee iliyobaki ndiyo inayokaa ndoo ya maji na mafagio. Takwimu ya Shirika la Afya Duniani, kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, ilinishtua nilipoipigia hesabu ya darasa langu, maana ni kama watoto kumi. Mwezeshaji aliisoma akapita.

Kosa kubwa zaidi lilitokea alasiri, tulipotakiwa kusimulia visa vya wanafunzi wetu bila kuonywa kwanza tusiwataje majina. Mwenzetu mmoja alimtaja binti, shule yake na lililompata nyumbani, mbele ya watu 40 ambao baadhi yao wanaishi mtaa huo huo. Anayefundisha unasihi hapaswi kukumbushwa habari ya siri.

Siku ya pili alikuja mwezeshaji mwingine, mama wa makamo aliyewahi kufundisha Ukerewe, na mambo yakabadilika. Alitugawia fomu ya ukurasa mmoja yenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mwanafunzi, na kilichofuata, kisha akaigiza mwanafunzi aliyelaza kichwa dawatini, akanitaka mimi niwe mwalimu. Nilimwamuru asimame. Akasimama, akaliangusha daftari sakafuni, akanikazia macho, na ukumbi ukacheka. Tulipojaza fomu pamoja, kwenye safu ya kwanza hapakuwa na kitu kingine isipokuwa sauti yangu. Tukarudia: safari hii nilipita karibu yake nikiendelea kufundisha, nikagonga dawati kwa kidole, nikamnong'oneza kwamba tutaonana kipindi kikiisha. Hakuna aliyecheka.

Fomu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Niliitumia kwa wiki sita kwa kijana mmoja wa darasani kwangu (mambo machache nimeyabadilisha asitambulike) aliyejulikana kwa kutukana wenzake na kutoka nje katikati ya kipindi, nami siku zote nikiamini kwamba ni chuki ya hisabati tu. Nilipozipanga tarehe niliona wiki mbili mbaya, kisha utulivu, kisha ubaya tena, na mtu ninayekaa jirani na mwalo, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, nilipaswa kuelewa mapema: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Baba yake huingia ziwani jioni, na kijana halali mpaka asikie injini ikirudi alfajiri. Siku hizo sasa simwiti ubaoni. Kazi nampa kwa vipande vifupi, na ana ruhusa ya kwenda kunawa uso bila kuomba. Tangu hapo ametoka kwa hasira mara moja tu.

Mada ya viboko ilikwepwa, ingawa kanuni ziko wazi kwamba anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na si zaidi ya viboko vinne. Rufaa nayo, yaani kumpeleka mwanafunzi kwa wataalamu, ilipewa dakika chache: tulitajiwa simu ya bure ya mtoto, 116, pamoja na madaktari wa afya ya akili wa hospitali ya Bugando, lakini hatukuelezwa mwalimu aanzie wapi kati ya mzazi, mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii.

Wataiandaa tena likizo ya Juni. Niliwaomba wauze siku ya pili peke yake, wakakataa. Hata hivyo nimekwisha kulipia nafasi moja, si yangu bali ya mwalimu wetu wa nidhamu, ambaye amekubali kwenda kwa sharti kwamba chakula cha mchana kiwe sato, si yale maharage niliyomsimulia.