Kitasa cha mlango wa mbele: hesabu leva kabla hujatoa hela

Jumamosi moja mwezi wa sita nilirudi kutoka sokoni nikakuta mlango umefungwa, ufunguo uko kwa baba watoto, naye yuko Kibaha. Nikakaa barazani na nyanya zangu. Jirani wa ng'ambo ya barabara akaniona, akaja na funguo zake mkononi. "Mama, hebu jaribu huu wangu. Vitasa vyetu si vinafanana?" Nikauingiza ili tu nisimvunje moyo. Ukazunguka mara mbili, ulimi ukarudi ndani, mlango ukafunguka.

Tukatazamana. Ufunguo wake umegongwa namba 18. Wangu, nilipoupata jioni, nao ni 18.

Mlango ule ni wa mninga. Tulikaa miezi tukidunduliza ili tuupate, tukaweka nondo madirishani, tukapandisha ukuta. Siku zote hizo mlango wetu ulikuwa unafunguliwa na ufunguo wa mtu mwingine, na Mungu ndiye ajuaye wengine wangapi mtaani wana namba 18. Usiku ule sikulala. Nilisukuma kabati la vyombo hadi nyuma ya mlango, na asubuhi nikamwita fundi seremala akitoe kile kitasa nikione ndani.

Sitawaambia mchague rangi ya mkono wala mtazame kama unang'aa. Hilo kila muuzaji atawaonyesha bila kuulizwa. Ninachotaka mkitazame ni leva, kwa sababu hakuna anayezitazama.

Fundi alikilaza kitasa juu ya gazeti akafungua skrubu za ubavuni. Bati la juu lilipotoka nikaona ulimi, springi, na vibati viwili vyembamba vimelaliana. Hivyo ndivyo leva. Meno ya ufunguo huinua kila leva hadi kimo chake, zikikaa sawa zote ulimi unapita. Leva moja ikipanda mno au isipofika, ulimi haupiti. Boksi la kitasa changu liliandikwa leva tatu. Ndani zilikuwa mbili, na mahali pa ya tatu pamewekwa kipande cha bati bapa kisichofanya kazi yoyote.

Sasa piga hesabu. Tuseme kila leva inaweza kukatwa kwa vimo vitano. Leva mbili zinakupa funguo 25 tofauti, basi. Tatu zinakupa 125. Tano zinakupa 3,125. Hiyo ni hesabu ya darasani; kiwandani hazitumiki zote, na kiwanda cha bei rahisi hutumia chache zaidi ili kazi iende haraka. Kontena zima la vitasa linashushwa, linaingia Kariakoo, linatawanyika Gongo la Mboto, Goba, Chanika, Mbagala. Funguo zitakosaje kugongana? Waingereza katika kiwango chao cha BS 3621 wanataka kitasa cha mlango wa nje kiwe na funguo tofauti zisizopungua 1,000. Mimi nilinunua cha funguo ishirini na kitu, nikalipa kama mtu aliyenunua usalama.

Mafundi wanalijua hili. Muulize seremala yeyote aliyefanya kazi miaka mingi, atakutolea shada la funguo zake. Ana kumi, kumi na tano hivi, na kwa hizo anafungua nyumba nyingi tu za mteja aliyepoteza ufunguo. Hata funguo malaya, ile inayofungua vitasa vingi, haihitaji.

Kwa mlango wa nje, chaguo langu la kwanza ni Union, na sitajifanya sina upande. Nyumba ya bibi yangu Tanga ina Union ambayo tuliikuta tukiwa watoto, na chumvi yote ile ya bahari haijaishinda. Ni jina la Willenhall, mji wa Uingereza ulioishi kwa kutengeneza vitasa, na siku hizi liko chini ya ASSA ABLOY ya Sweden. Nunua ya leva tatu kwa uchache. Ukiweza, ya leva tano kwa mlango wa mbele na wa jikoni. Wengi husahau wa jikoni, na ndio mwizi anaouanza. Mimi niliweka tano mbele na tatu jikoni, na hela iliyoniuma kuitoa sijaijutia hata siku moja.

Shida ni kuipata iliyo halali. Jina limebandikwa kwenye vitasa ambavyo havikutoka kwao, na boksi linafanana mpaka rangi. Ndiyo maana nasema usinunue boksi, nunua kilichomo. Kishike kwanza: cha kweli ni kizito, na ukikitikisa hakigongigongi ndani. Kisha mwombe muuzaji akupe bisibisi ufungue ubavu palepale kwenye kaunta. Akikataa, mshukuru uondoke. Halafu mwambie alete vitatu au vinne vya aina ileile kutoka boksi tofauti, ujaribu ufunguo wa hiki kwenye kile. Soma namba zilizogongwa. Nilifanya hivyo kwenye duka moja la eneo la Gerezani, nikakuta namba moja imejirudia kwenye vitasa viwili kati ya vinne, na vilikuwa vinauzwa kama "orijino".

La pili ni kitasa cha silinda, na hapo namwamini Yale. Badala ya leva, silinda ina pini ndogo zenye springi, mfumo ambao Linus Yale wa Marekani aliufikisha kwenye umbo tunalolijua leo katika miaka ya 1860. Uzuri wake mkubwa ni kwa mwenye nyumba za kupangisha: mpangaji akihama unafungua skrubu moja ndefu ya ubavuni, unatoa silinda, unaweka nyingine, kitasa kinabaki. Dakika tano. Ila pima unene wa mlango kabla hujaenda dukani. Silinda ikichomoza nje ya bati zaidi ya milimita tatu, mtu anaibana kwa koleo na kuivunja katikati. Nimeona mageti mengi ya mjini silinda imetokeza kama kidole gumba, na mwenye nyumba analala usingizi.

Vya leva mbili, vya bei ya chini, weka chumbani na chooni. Huko kazi yake ni kuzuia mtoto asiingie. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ninalo la kusema juu ya wauzaji. Nilikirudisha kile kitasa nilikokinunua, na boksi, na risiti ya mashine ya EFD, na kile kipande cha bati kwenye mfuko wa nailoni. Kijana wa kaunta akakiingiza ufunguo, akakizungusha. "Mama, si kinafunga? Tatizo liko wapi?" Nikamwambia boksi linasema tatu, ndani ni mbili. Akaninyooshea kidole ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamuuliza, na mali iliyoandikwa uongo je? Akamgeukia mteja mwingine. Hapo ndipo panaponichoma. Mwenye duka anajua, aliyemletea anajua, fundi anajua, na asiyejua ni mimi niliyeulipia mlango. Bidhaa bandia ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, na ubora ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango. Piga picha boksi na kilichomo ndani, tunza risiti, upeleke malalamiko. Mimi nimepeleka. Wala usikubali risiti ya kuandikwa kwa mkono, maana ukiwa nayo hiyo hata pa kuanzia huna.

Na bei! Kitasa kilekile, duka la kwanza 65,000, la tatu mtaa huohuo 48,000, na tofauti yake ni kwamba kwenye duka la kwanza nilishuka kwenye gari la shemeji. Nenda kwa miguu, nenda na fundi wako, lakini fundi asiende peke yake na hela yako.

Kikishafungwa, usikitilie mafuta ya kupikia kama tulivyozoea. Mafuta hunasa vumbi na baada ya muda ufunguo unakwama. Paka risasi ya penseli kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Kwa sisi wa pwani fanya hivyo kila baada ya miezi michache.

Jirani yangu naye alibadilisha cha kwake wiki ileile. Jioni tulijaribu funguo zetu, wake kwangu na wangu kwake. Zote mbili ziliingia, zikagoma kuzunguka.