Playit kwa seva ya Minecraft yenye modi (nyongeza za mchezo): inasaidia wapi, inakwama wapi

Ukiendesha seva ya Minecraft Java pale Mwanga au Ujiji kwa ruta ya laini ya simu, anza na Playit, programu inayowapa wenzako njia ya kuingia kwenye seva yako bila kufungua poti ya ruta. Kifurushi cha bure kinatosha kundi dogo. Laini za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi IP moja ya nje. Angalia IP ya WAN (anwani ya upande wa nje) kwenye ruta: ikianza na "10.", au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kufungua poti 25565, mlango wa kawaida wa Minecraft, ni kazi bure. Mwenzako wa Tabora ataona "Connection timed out" mpaka achoke. Playit inalikwepa hilo kwa sababu programu yake ndiyo inayopiga hodi nje, seva yako haisubiri kugongewa.

Iweke kwenye kompyuta ya seva, unganisha na akaunti, elekeza njia yake kwenye 127.0.0.1 (kompyuta hiyohiyo) poti 25565. Kwenye server.properties, faili la mipangilio ya seva, server-ip ibaki tupu.

Kabla ya kuilaumu Playit, ingia kwanza kwa localhost, yaani kwenye kompyuta ya seva yenyewe, kisha kwa kompyuta nyingine ya Wi-Fi hiyohiyo, kwa anwani ya 192.168. Ikigoma kwa localhost na kusema "Connection refused", seva haijawaka au poti si hiyo, soma logs/latest.log. Modpaki (mkusanyiko wa modi) ya Minecraft 1.20.1 inataka Java 17, ya 1.16.5 inataka Java 8, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukiletewa orodha ya modi zisizolingana, mtandao ni mzima: nakili folda ya mods pamoja na config kutoka chanzo kimoja, toleo kwa toleo.

Kinachosumbua kweli ni Simple Voice Chat, modi ya kuongea kwa sauti. Watu wanaingia, wanacheza, hawasikiani. Sauti inapita UDP, poti 24454, na njia uliyofungua Playit ni ya TCP, aina nyingine ya kusafirisha data. Fungua ya pili ya UDP, kisha andika anwani yake na poti yake kwenye voice_host ndani ya voicechat-server.properties, uwashe seva upya.

Kasoro ya Playit ni mzunguko: data hupitia kwanza kwenye seva zao, hivyo pingi (muda wa data kwenda na kurudi) hupanda hata mkiwa mtaa mmoja. Wa Wi-Fi moja watumie 192.168. Modpaki nzito ikimtupa mtu nje wakati wa kuingia, shusha view-distance (umbali wa kuona) kwenye server.properties kutoka 10 hadi 6.