Kipokezi cha rimoti kwa kompyuta ya sebuleni: kwa nini nimebaki na Flirc

Kati ya vipokezi vya infraredi nilivyotumia na Kodi (programu ya kuchezea filamu na muziki), Flirc ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Kompyuta huiona kama kibodi ya kawaida ya USB, na vitufe ulivyoifundisha hukaa ndani yake yenyewe. Piga Windows upya, hamia LibreELEC (mfumo mdogo wa Linux wa kuendesha Kodi) au ichomeke kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja: rimoti inaendelea kufanya kazi bila draiva yoyote.

Kuifundisha ni rahisi. Sakinisha programu yake, fungua ndani yake kibodi ya Kodi, bofya kitufe kwenye skrini kisha bonyeza cha rimoti. Mishale, Enter, Backspace ya kurudi, Space ya kusitisha, X ya kusimamisha kabisa, C ya menyu na I ya maelezo vinatosha. Rimoti ya king'amuzi usichotumia tena inafaa sana. Ya king'amuzi kilichomo chumba hichohicho usiiguse, maana ukibonyeza vitaitika vyote viwili.

Wengi husumbuliwa na kitufe kinachoitika mara moja, kisha ukikibonyeza tena kinakaa kimya. Kipokezi hakijaharibika. Rimoti zinazotumia RC5 na RC6, aina mbili za misimbo ya infraredi, hugeuza biti moja kila unapobonyeza upya, ili kifaa kitofautishe kubonyeza tena na kushikilia. Kwa hiyo kitufe kimoja kina misimbo miwili: kirekodi mara mbili.

Vipokezi vya MCE, vya enzi za Windows Media Center (programu ya zamani ya Microsoft ya kutazamia TV na filamu), bado ni vizuri ukivipata pamoja na rimoti yake. Linux ina draiva yake, mceusb. Ila ramani ya vitufe hukaa kwenye mfumo, kwa hiyo ukibadilisha rimoti utarudi kuipanga kwa ir-keytable, amri ya Linux ya kupanga na kujaribu vitufe vya rimoti.

Mwenye Raspberry Pi na bajeti ndogo achukue TSOP38238, kipokezi kidogo cha miguu mitatu kinachounganishwa moja kwa moja na pini za Pi. Kinundu kikikutazama, miguu kutoka kushoto ni mawimbi, ardhi, umeme. Mawimbi yaende pini 12 (GPIO 18; GPIO ni pini za Pi za kupokea na kutuma mawimbi), ardhi pini 6, umeme pini 1 yenye volti 3.3. Usitumie volti 5: kipokezi kinazistahimili, lakini kitazirudisha kwenye GPIO, na hiyo haizimudu. Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, ongeza dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18, washa upya, kisha jaribu kwa ir-keytable -p all -t.

Kuiamsha kompyuta iliyolala kwa rimoti kunawezekana, mradi USB ibaki na umeme. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uzime ErP, kipengele cha kuokoa umeme, na kwenye Windows ruhusu kibodi iamshe kompyuta. Kuiwasha ikiwa imezimwa kabisa hutegemea madabodi. Uliza kabla ya kununua.

Kipokezi usikichomeke nyuma ya kompyuta kikakosa kuiona rimoti. Waya wa USB wa kurefushia wa mita 1 unakileta mbele. Kisipoitika, elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze. Usipoona mwanga wa zambarau, anza na betri.